Maji ya Chumvi

Mume wa dobi alikuwa fundi viatu. Asubuhi ya siku ya sita ya homa alikuwa amepiga magoti sakafuni, akikamua kitambaa juu ya beseni ili amfute mkewe paji la uso. Alipoinua kichwa aliwaona askari wakitoka sikioni mwa mkewe, mmoja mmoja, wakishuka kwa kushika nywele zake, mpaka wakatimia arobaini wakakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuna aliyekizidi kijiko cha chai kwa urefu. Wakavua viatu. Fundi akachukua kimoja, akakigeuza, akaona soli imelika upande mmoja tu.

"Mnatembea vibaya," akasema.

"Tunapanda mlima, bwana fundi," akajibu kiongozi wao. "Siku sita hatujakaa."

Fundi akawatilia maji kwenye vizibo vya chupa. Dobi alifumbua macho, akawatazama, akauliza kama vita vimekwisha. Kiongozi akasema adui ameshikwa. Waliobaki ni wachache wanaojificha mapafuni, nao watamalizwa kabla ya kesho kutwa. Akaomba radhi kwa ile homa. Moto ule waliukoka wenyewe makusudi, maana adui yule hawezi kazi penye joto. Kisha akaeleza kilichowachelewesha, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa.

Hawakuwa na sura ya adui. Siku dobi alipochanjwa waliitwa wote, wakapanga foleni mkononi penye sindano kama ilivyo desturi yao, wakingoja waonyeshwe sura ya mtu watakayemkamata siku akija. Wakangoja mpaka jioni. Kilichoingia kilikuwa maji ya chumvi. Wakarudi makwao. Kwa hiyo adui alipokuja alipita mlango wa mbele bila kuulizwa, na siku tatu nzima walimsaka kwa kubahatisha, wakikamata hata wasiohusika.

"Mna hakika yalikuwa maji?" dobi akauliza.

"Tuliyaonja."

Dobi akageukia ukutani. Aliyemchoma sindano ile ni dada yake wa tumbo moja, muuguzi mkuu wa wodi ya pembeni, wanakolazwa wagonjwa wa kuambukiza. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, akamsuka nywele mpaka siku ya kuolewa, akamtafutia kazi ya udobi palepale hospitali. Siku ile alimshika mkono, akamwambia, "Utasikia kama mdudu tu," kisha akagonga muhuri kwenye kadi yake. Kwa kadi zile dobi na wenzake wanne waliruhusiwa kushika mifuko myekundu ya wodi ya pembeni. Zamani mifuko hiyo ilitumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto ikiwa imefungwa vilevile. Lakini mashuka yalikuwa yakipotea na mtunza stoo hakumwamini mtu, likatoka agizo kila mfuko ufunguliwe kwanza, mashuka yahesabiwe moja moja kwa mkono, ndipo yachemshwe. Waliochanjwa hawana cha kuogopa, lilisema agizo. Dobi alikuwa akihesabu huku akiimba.

Dada alikuja baada ya siku mbili, saa za alasiri, na machungwa kwenye mfuko. Askari walikuwa dirishani wakianika soksi. Fundi alikuwa ameshawabadilishia soli zote themanini kwa ngozi ya mkoba chakavu. Dada akawasalimia, akavuta kigoda.

"Mdogo wangu, naona rangi imerudi."

"Yalikuwa maji, dada?"

Dada akamenya chungwa, taratibu, mpaka ganda likaisha.

"Yalikuwa maji," akasema. Dozi za madobi zilikuja tano. Moja alimpa binti yake aliyekuwa akienda shule ya bweni. Nne wakubwa waliziomba kwa ajili ya watu wao, na mkubwa akiomba haombi. "Nilijua wewe una mwili mgumu. Tangu utoto huugui ovyo."

Dobi alimpenda binti yule, aliyekuwa akimwita mama mdogo na kumfichia pipi. La binti angelimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba dada alipita koridoni kila siku, akamwona mikono imezama kwenye mashuka yale, akamuuliza habari za kazi.

"Ulikuwa unaniona nikihesabu."

"Nilikuona."

Kumbe dada hakuja kuomba radhi. Alikuja kuazima askari. Mumewe yuko hoi tangu juzi, kifua kimembana, na dawa yake haipo. Askari wanaoijua sura ya adui ni hawa tu. "Nusu yao, mdogo wangu. Ni shemeji yako."

Kiongozi akasema wanaweza kwenda kwa njia ya damu, wamewahi kusikia mambo hayo. Ila wanaohamia mwili mwingine hawadumu huko zaidi ya wiki chache, na hawarudi.

"Usitoe hata mmoja," akasema fundi viatu.

Dobi alitoa sharti moja. Kesho asubuhi, kabla ya zamu kuanza, dada asimame mbele ya wale madobi wanne awaambie kwa mdomo wake kwamba kadi zao ni za maji. Dada akaapa kwa kaburi la mama yao. Akamfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, na askari ishirini wakaingia kwenye chupa kwa mstari mmoja.

Shemeji alikaa kitako siku ya nne, akaomba uji.

Dobi aliporudi kazini aliwakuta wenzake wanahesabu mashuka kwa mikono mitupu, kadi zimening'inia vifuani. Dada hakuwa amekanyaga pale. Basi akawaambia mwenyewe. Wakatazamana.

"Dada yako mwenyewe ndiye aliyetuchoma," akasema mpiga pasi, "na mkono uliniuma siku mbili. Maji yanauma?"

Mwingine akasema homa bado haijamtoka vizuri.

Dobi akamfuata dada koridoni. Moyo ulimuuma kuliko kifua kilivyowahi kumuuma, naye akamwambia hivyo.

"Nikisema nitafukuzwa," dada akajibu. "Na binti yangu pale shuleni, mwanao pia, nani atamsomesha? Wewe umeshapona." Akamnyooshea ukosi wa koti la kazi, akaenda zake.

Dobi akawauliza askari waliobaki kama wanaweza kugawanywa kwa wanne. Kiongozi akapita mstari akiwahesabu, akapita tena.

"Hatutoshi," akasema. "Tungekuwa wote, labda."

Tangu siku hiyo dobi hufika saa kumi na mbili kasoro, kabla ya wenzake. Huburuta mifuko yote myekundu mpaka chumba cha nyuma, hufunga mlango, akayahesabu mashuka peke yake, askari ishirini wamejipanga mabegani mwake. Wenzake wakifika hukuta mifuko myeupe tu, ya wodi za kawaida. Wanasema amebadilika tangu augue, anajipendekeza kwa dada yake apandishwe cheo.