Mkono Uliofumba

Tangu mumewe Arnfinn afariki, mkono wa kulia wa Gunnvor ulikuwa umefumba na hausikii la mwadhini. Alijifunza kupaka mkate siagi kwa kushoto.

"Damu inafika vizuri," alisema daktari Eilif, akichomoa kibanio cha kupimia oksijeni, chenye taa nyekundu, kwenye kidole cha mgonjwa wake kilichokunjika. "Oksijeni tele. Msuli mzima. Sioni ugonjwa, Gunnvor."

"Basi mbona haufunguki?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha biolojia. Niambie wewe."

Kila mwaka darasani Gunnvor aliwaeleza wanafunzi jinsi nyuzi za msuli zinavyoshikana na kuvutana hadi msuli ukafupika. Kisha aliwauliza: nguvu inatakiwa wapi, kushika au kuachia? Wote walijibu kushika. Kumbe hata kuachia kunataka nguvu, na nguvu hiyo haipatikani bila hewa inayobebwa na damu. Damu ikisimama, nyuzi hubaki zimeng'ang'aniana.

Somo hilo lilimrudia kwenye kibanda chao cha mlimani, siku Arnfinn alipofia humo akiwa amemshika mkono. Dhoruba ya theluji iliwachelewesha waokoaji, naye hakuuachia mkono wa Arnfinn. Walipofika, ilibidi wavikunjue vidole vya marehemu kimoja kimoja ili wamtoe mkewe.

Pasaka ilipofika, mji mzima ulihamia milimani kupumzika, kama ilivyo desturi. Gunnvor alichoshwa na ngazi za jengo lao la ghorofa, ambako jirani huchungulia kwanza kwenye tundu la mlango asije akakutana na mtu. Upweke ulimkaba. Akafunga skii zake, mbao za kutelezea thelujini, aende kukiona kibanda kabla hajakiuza. Mkono uliofumba ukaipokea fimbo ya kujisukumia bila taabu.

Huko juu watu walewale wa ngazini walikuwa kama watu wengine kabisa. Kila aliyepishana naye alimsalimu. Mwanamke mmoja, ameketi juani juu ya ngozi ya kulungu, alimpigia kelele:

"We mama, unakimbizwa na nani? Kaa, jua halina mwenyewe!"

"Nakwenda kibandani. Nangojewa na... Singojewi na mtu."

Mwanamke hakumpa pole. Alimenya chungwa, akaligawa. "Basi shika. Nikilimaliza peke yangu tumbo litanisuta."

Gunnvor akanyoosha mkono bila kufikiri. Fimbo iliyoanguka thelujini ilikuwa ya mkono wa kulia.

Akaiangalia kwa hofu. Alitamani kuiokota upesi, aishike tena vilevile, lakini kiganjani tayari mlikuwa na nusu ya chungwa, baridi, maji yake yakimchuruzika hadi kwenye mkono wa koti.