Kifua cha Bujiku

Bujiku aliingia Tinde juu ya lori la magunia matupu, kichwa kimejaa vumbi hata dada yake Paskalia akadhani kaota mvi huko Geita.

"Shikamoo, mzee," Paskalia alimwambia mlangoni.

Bujiku hakucheka. Alikuwa ametoka mgodini kwa shughuli moja, nayo hata si kumuuguza mama yake. Alikuja kutemewa maji.

Kwa watu wa kwao, mtu akisafiri, mzazi huchukua funda la maji, akamtemea kifuani, kisha akamwambia maneno mawili matatu ya heri. Basi, mtu anakwenda zake. Lakini Bujiku alipoondoka mara ya kwanza kufuata dhahabu, alipitia nyuma ya zizi alfajiri, maana alijua mama atamkatalia. Alikwenda na kifua kikavu. Tangu hapo jiwe lilimla vidole viwili. Mke aliyemwoa kule Runzewe alirudi kwao, akisema amechoka kulala na mtu anayekohoa kama mbuzi. Shati lake jipya liliibwa kwenye kamba, na mwizi akalivaa kanisani, benchi la mbele yake. Wenzake wakipatwa na mambo kama hayo walisema ni mikosi ya dunia. Bujiku alisema ni kifua.

Sasa mama alikuwa anakufa, na maji yake angeondoka nayo.

Hilo la kufa halikufichwa. Dresa wa zahanati alikwisha sema kwamba uvimbe wa tumboni hauna dawa: mpeni uji mwepesi, mgeuzeni ubavu asichubuke, akitaka kuzungumza zungumzeni naye. Mama alilazwa chumba cha mbele, kwenye kitanda cha kamba, mahali pa kuona wapita njia. Jina lake Nyanzala, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na siku hizi mwili wake ulikuwa umelirudia jina.

"Shikamoo, mayu," Bujiku alisema, kwa Kisukuma cha kumwita mama.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko mnachimba dhahabu, au mnachimbana wenyewe?"

"Mayu, nimekuja unitemee maji. Keshokutwa asubuhi lori linarudi Geita, nisipolipanda nafasi yangu anapewa mwingine."

"Mate sina," mama alisema. "Yakija nitakuita." Akafumba macho.

Kesho yake Bujiku alijaribu tena, bakuli la uji mkononi. Mama alisema amelazwa kiubavu, na mtu aliyelala kiubavu hatemi. Paskalia akamwonyesha kaka yake namna ya kumgeuza: mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya nyonga, unavuta shuka, humvuti mtu. Bujiku, aliyezoea kusukuma matoroli ya mawe, alitokwa jasho kwa mwili usiofika hata nusu gunia la pamba. Alipomaliza, mama akasema sasa anasikia usingizi.

Mchana uji ulimpalia. Alikohoa kwa nguvu, na kinywa kizima cha uji kikamrukia Bujiku kwenye shati, kifuani kabisa.

Bujiku aliruka juu. "Dada! Dada, umeona? Nimetemewa!"

Mama alihangaika kwanza kupata pumzi. Alipoipata, aliitumia hivi: "Hicho ni kikohozi. Na maneno sijasema."

Paskalia alitoka nje kwenda kucheka. Bujiku akamfuata uani, uji ukimkaukia.

"Ananichezea, dada. Maji anayo. Jana alimtemea paka."

"We Bujiku, akishakutemea utafanya nini?"

"Nitapanda lori."

"Haya. Basi unadhani yeye halijui hilo?"

Paskalia akarudi kupepeta mtama. Bujiku alibaki amesimama pale, akilitazama shati lake.

Asubuhi ya safari lori lilipiga honi barabarani. Dereva, Nassibu, mtoto wa mjini wa Ngokolo, hakuwahi kumwita mtu kwa sauti ya kawaida.

"Weee Bujiku! Toka huko! Dhahabu inaota majani!"

Wakati huo Bujiku alikuwa katikati ya kumgeuza mama, mabega ya mgonjwa yamelala juu ya mkono wake. Angeweza kumlaza. Paskalia alikuwa palepale, angempokea. Mama alikuwa akitazama ukuta.

"Nenda tu, Nassibu!" Bujiku aliitikia dirishani. "Mwambie msimamizi nafasi ampe mwingine!"

"Umeshatemewa lakini?"

"Bado!"

"Sasa unakaa kufanya nini, ndugu yangu?"

Bujiku alivuta shuka, akamalizia kumgeuza. Lori likaondoka. Mama aliusikiliza mlio hadi ukaisha.

"Limekwenda?"

"Limekwenda."

"Na nafasi yako?"

"Ataipata mwingine. Mwenye vidole vyote."

"Lete maji."

Bujiku alikwenda mbio mtungini, akarudi na kata imejaa, akapiga magoti, akafungua vifungo vya shati. Mama akakitazama kile kifua.

"Funga vifungo. Wewe unakwenda wapi? Maji ni ya msafiri, na msafiri hapa ni mimi. Nitemee."

"Mayu!" Paskalia alishtuka. "Mtoto hamtemei mzazi!"

"Wazazi wangu mimi wako wapi? Mnataka nikawafuate kwanza, halafu nirudi kutemewa?"

Bujiku akapiga funda. Alipiga kubwa mno, kwa kuwa kazi hii hakuwahi kuifanya, na alipotema, maji yalimmwagikia mama shingoni, shavuni, mpaka kwenye mto.

"Nimesema unitemee," mama alisema. "Kuniogesha ni kazi ya dada yako. Haya, sema."

"Nenda salama, mayu. Njia iwe nyeupe. Usijikwae."

"Na huko nikute chakula."

"Na huko ukute chakula."

Mama akaridhika. Akaomba ageuzwe aangalie barabara.

Hakufa siku ile. Alikufa siku nyingine, mchana, Bujiku akiwa zizini anatengeneza miiba ya ua. Paskalia ndiye aliyemfumba macho, kisha akaenda kumwita. Walimzika upande wa magharibi wa mji wao, majirani wakala, mvua ikanyesha kidogo.

Nassibu alipopita tena alizima injini, jambo lisilo la kawaida yake, akashuka kutoa pole. Akamkuta Bujiku ana kifurushi.

"Nafasi yako imeshikwa, unajua?"

"Najua. Nitatafuta nyingine."

Paskalia alikuwa amefua nguo zote za kaka yake isipokuwa shati moja, ambalo kila alipolishika alinyang'anywa. Hilo ndilo Bujiku alilolivaa. Kifuani palikuwa na alama ya uji, pana kama kiganja, imekauka ikawa ngumu.

Nassibu aliitazama, akajizuia, akashindwa.

"Maji yenyewe, mwishowe ulipata?"

"Nilipata kikohozi," Bujiku alisema, akapanda juu ya magunia.