Jino la Pili Kulia

Dada yake alimpa masharti matano, naye akayatii manne. Mlango wa mbele usifungwe kwa ufunguo. Simu iwe na chaji. Picha ya mgeni itumwe mara tu akiingia, tena uso mzima, si kisogo. Kila nusu saa apokee simu ya dada, na asipopokea, dada anakuja na mumewe na majirani wawili wenye vifua. Sharti la tano lilikuwa asimwalike mtu huyo kabisa, na hilo ndilo lililomshinda.

"Mtu wa mtandaoni, mdogo wangu," dada alimwambia mchana ule. "Hujui hata kama anakoroma au anauma."

"Nimeongea naye miezi minne."

"Na yule wa kwanza je? Uliongea naye miaka miwili."

Mwanamke alikuwa amemzoea yule wa kwanza, akamtambulisha kwa mama, akamnunulia hadi kandambili za kuvaa akija nyumbani, kumbe mwenzake ana mke na watoto wawili. Mke mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni saa sita mchana, watoto wake kushoto na kulia, majirani wakiwa wametoka nje kana kwamba kuna mtu kawapigia kengele. Tangu siku ile alijiapiza kwamba mwanamume akimdanganya mara moja tu, imetosha, mlango uko wazi. Aibu ya pili asingeiweza, na huyu wa sasa, bahati mbaya, alikwisha kumpenda.

Walikutana kwenye mtandao wa wachumba. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka maghorofa ya watu mchana kutwa. Kwenye picha zake zote alikuwa amefunga mdomo, ametulia, na yeye akaupenda utulivu huo. Walikuwa wameonana mara mbili mgahawani, mchana, kwa haraka za kazi. Safari hii alimwandikia: "Njoo Ijumaa tuangalie filamu. Sina makuu." Mwanamume akajibu: "Nami sina makuu. Nitavaa soksi zisizo na matundu."

Alifika saa kumi na mbili na nusu jioni, na mfuko wa machungwa mkononi. Soksi kweli zilikuwa nzima. Akapigwa picha mlangoni bila kununa, akakaa upande mmoja wa kochi, yeye upande wa pili, katikati bakuli la bisi, mbele yao kompyuta juu ya stuli. Kidogo kidogo mabega yakalegea. Saa moja kamili simu ikalia, naye akaibonyeza vibaya, sauti ya dada ikajaa chumba kizima.

"Bado u hai? Kama amekushikia kisu, kohoa!"

Mwanamume akacheka. Hakucheka kwa pua wala nyuma ya kiganja kama alivyozoea. Alirudisha kichwa nyuma akakiachia kicheko, meno yote nje. Mwenyeji wake naye akaanza kucheka, halafu akaliona jino la pili kulia, akaacha.

Lile jino alikuwa amelitengeneza yeye.

Mwanamume alijua mpenzi wake anafanya kazi maabara, basi. Hakuambiwa maabara ya nini. Ukimwambia mwanamume unatengeneza meno ya bandia, ama anaanza mzaha wa vibogoyo ama anafunga mdomo asikaguliwe, na yeye alikuwa amechoka na yote mawili. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, kati ya vumbi la plasta na harufu ya nta. Wagonjwa yeye hawaoni. Anaona vinywa vyao tu, vilivyomiminwa kwa plasta, na kadi yenye namba isiyo na jina. Kilicho kwenye kadi hakitoki chumbani. Hilo alifundishwa siku ya kwanza.

Lakini fundi hasahau kazi yake. Meno manne ya mbele, juu. Mgonjwa alileta picha ya zamani, wakaikuza, wakamkatia kipande cha mdomo peke yake, na mdomoni jino la pili kulia lilikuwa limempanda mwenzake kidogo, mfano wa mtu anayechungulia dirishani. Fundi mwingine angelinyoosha. Yeye alilipandisha vilevile lilivyokuwa, akajisifu siku nzima. Na juu ya kadi, kwa wino mwekundu, daktari aliandika: HARAKA. HARUSI JUMAMOSI.

Miezi mitano iliyopita. Mwezi mmoja kabla ya mtu huyu kumwandikia "habari yako."

"Nakuja," alisema, akaenda jikoni.

Alifungulia maji ya bomba bila kuosha kitu. Harusi Jumamosi. Nani hutengenezewa meno mbio mbio kwa ajili ya harusi kama si bwana harusi? Alimwona bibi harusi asiyemjua, akaona na watoto watakaokuja kusimamishwa mlangoni. Alitamani kukosea, alitamani sana, lakini jino lilikuwa la kwake na wino aliusoma kwa macho yake. Akajikaza kisabuni, akafunga bomba, akarudi na chai.

"Hivi," alisema, akiweka vikombe chini taratibu mno, "uliwahi kuoa?"

"Nilikwambia. Sijawahi."

"Hata kukaribia?"

"Hata kukaribia." Mwanamume aligeuka akamtazama. "Kuna nini?"

"Hamna. Mbona huli bisi?"

"Nimeshiba."

Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, mwenyewe alisema hivyo. Ameshiba nini? Uongo wa pili, alihesabu moyoni. Filamu iliendelea kupiga kelele, wala hakuna aliyekuwa akiitazama. Mwanamume alisogeza mkono juu ya kochi, ukafika karibu na bega lake, ukasita, ukarudi.

Saa moja na nusu dada akapiga tena. Safari hii alipokea kwa kunong'ona.

"Mbona sauti yako hivyo? Tuje?"

"Msije. Nitakupigia."

Alipokata simu, mwanamume alikuwa tayari ameizima filamu.

"Kama nimekukosea, niambie," alisema. "Kama unataka niondoke, nitaondoka."

"Harusi ilikuwaje?"

"Harusi gani?"

"Ya Jumamosi. Ile uliyotengenezewa meno."

Alitaka kuona mwongo akitafuta njia. Badala yake aliona uso wa mtu ukivuliwa nguo mbele za watu. Mkono wa mwanamume uliruka wenyewe ukaziba mdomo.

"Nani amekwambia?"

"Kadi yako ilipita mezani kwangu. Meno nimeyatengeneza mimi."

"Ulisema unafanya kazi maabara."

"Maabara ya meno."

"Miezi minne," mwanamume alisema nyuma ya kiganja. "Mimi nikidhani unapima damu."

"Usinigeuzie kibao! Nakuuliza habari ya harusi. Mkeo yuko wapi saa hizi?"

Mwanamume akashusha mkono, akainamisha kichwa, akaingiza vidole mdomoni na kuyatoa yale meno, manne pamoja, kwenye bamba lao la rangi ya ufizi. Akayafuta kwa leso, akayaweka mezani kati ya vikombe. Mdomo wa juu ukambonyea, na ghafla akawa na umri wa baba yake. Alipoongea, hewa ilipita kwenye pengo pamoja na maneno.

"Alikuwa anaolewa mdogo wangu wa mwisho. Wazazi hatuna, mimi ndiye niliyemkabidhi. Waya wa lifti ulinipiga mwaka wa kwanza wa kazi, nikakaa miaka tisa na pengo hili. Akaniambia, kaka, siku yangu nataka ucheke. Ile picha ya zamani aliitunza yeye." Akaikunja leso. "Leo nilikuja kukwambia. Njia nzima najipanga namna ya kukwambia. Halafu dada yako akasema habari za kukohoa, nikacheka bila kufikiri. Sijacheka hivyo mbele ya mwanamke tangu nipate akili za utu uzima. Na wewe ndipo ulipokuwa unanikagua."

Kwa kukosa pa kuweka macho na mikono, mwanamke aliyachukua meno mezani, na kidole chake, chenyewe kwa mazoea, kikapita ukingoni mwa bamba. Upande wa nyuma, kushoto, kulikuwa na ncha. Ndogo, kali kama ukucha wa paka. Alhamisi ile ya kabla ya harusi, watu wa kliniki walimsimamia mlangoni wakitaka kazi, na yeye, aliyekuwa akilifurahia jino lake lililopinda, aliruka msasa wa mwisho.

"Hapa hapakuumizi?"

"Panauma kila nikitafuna. Nilidhani ndivyo yalivyo."

"Miezi mitano? Kwa nini hukurudi kliniki?"

"Nilishukuru kuyapata. Na bisi ndiyo mbaya kuliko vyote, kama bado unataka kujua."

Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Meno aliyapamba, kinywa hakukifikiria. Vinywa vyote alivyowahi kuvishika vilikuwa vya plasta, haviumwi wala havisemi.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeogopa. Kuna mtu aliwahi…"

"Najua. Uliniandikia yote, na nilisoma kila neno." Mwanamume alisimama, akachukua koti lake. "Mimi ulinisoma kwenye kadi."

"Usiende hivyo. Vifaa nina vya akiba chumbani, nitalisugua bamba hata sasa hivi, dakika kumi."

"Lisugue. Kaa nayo."

"Utakwendaje barabarani bila meno?"

"Nilikwenda miaka tisa."

Alimfuata hadi mlangoni, ule mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo. Taa ya korido ilikuwa imewashwa na jirani alikuwa akifagia mbele ya kwake, akajifanya hasikii.

"Utarudi kuyachukua?" aliuliza. "Tafadhali, niambie tu. Utarudi?"

Mwanamume alishageuka. Aliinua kiganja akaziba mdomo kabla ya kumpita jirani, na kutoka nyuma ya kiganja akasema, bila hasira hata kidogo:

"Tazama kwenye kadi."

Akashuka kwa ngazi. Mwenyeji wake akabaki kizingitini na meno ya mtu mkononi, bado yana joto la kinywa chake.