Hotipoti Iliyopungua Uzito

Usiku wa kuamkia safari niliota, na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nina stashahada ya ugavi. Nikilala, nalala.

Tulikuwa tunasafiri kwa gari letu kutoka Morogoro kwenda Makete, kwa mama mkwe wangu, likizo ya Juni. Kipupwe cha huko si cha mchezo. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na mipichi ya uani kwake inapukutisha majani mpaka inabaki vijiti. Kwa hiyo jioni nilifunga mizigo kwa kufuata kanuni zangu tatu zilizobandikwa kwenye mlango wa friji. Kila mtu begi moja. Kisicho na kazi mbili hakisafiri. Chombo kitupu ni nafasi iliyopotea.

Kwa kanuni ya tatu nilijaza soksi kwenye hotipoti ya mama mkwe.

Hiyo hotipoti lazima niieleze. Miaka miwili iliyopita mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa mgongo. Alishuka kwenye basi na hotipoti nyekundu yenye maua, imejaa viazi vya kuchemsha, na baada ya safari ya kutwa nzima viazi vile bado vilikuwa vya moto. Alikaa wiki tano. Jioni moja akasema, "Nikipata nafuu zaidi nitarudi kwangu." Kesho yake alipoamka alikuta begi lake limefungwa, limesimama mlangoni, tiketi juu yake.

Nililifunga mimi. Nikisikia neno safari, mikono yangu inafunga mizigo. Mama mkwe alilitazama lile begi, akasema, "Ahsante, Mama Lusia," akaondoka siku hiyohiyo. Hotipoti aliiacha. Tangu hapo tukiongea kwenye simu tunasalimiana, halafu ananiomba nimpe mwanawe.

Safari aliipanga mume wangu. Mimi nilikuwa nakwenda kujua kama nimesamehewa. Kwenye orodha niliandika tu: *41. Hotipoti ya mama, irudishwe.*

Basi, ndoto yenyewe.

Ni asubuhi, uani kwetu. Orodha yangu imeshuka kutoka kwenye friji, inatembea huku na huku na kalamu mkononi, inaita majina.

"Sweta nne."

"Tupo."

"Jeki."

"Nipo, ila sijisikii vizuri."

Mume wangu yumo ndani ya begi lake, zipu imefika shingoni. Binti yetu Lusia, ana miaka minane, yumo ndani ya begi la shule, kichwa nje. Kila mtu begi moja, nami sikuona ajabu. Niliona tu kwamba zipu ya mume wangu imefungwa vibaya, nikaisahihisha.

"Mama, huku ndani kuna penseli inanichoma," Lusia akasema.

"Vumilia. Ni masaa kumi na mawili tu."

"Humu kuna nafasi kuliko ndani ya gari," mume wangu akasema. Alionekana mtu aliyeridhika.

Orodha ikamsogelea. "Baba Lusia, kazi yako ya kwanza?"

"Kuendesha."

"Ya pili?"

Akafikiri sana. "Kusema njia naijua."

Orodha ikaandika. "Apakiwe."

Kisha ikanigeukia mimi, niliyeiandika kwa mkono wangu. "Na wewe?"

"Kufunga mizigo."

"Ya pili?"

"Kufungua."

"Huyo hajawahi kufungua," sauti ikasema kutoka kwenye buti.

Ilikuwa hotipoti. Ilikuwa na sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikaenda kuisikiliza, maana tulikuwa tunachelewa.

"Miaka miwili umeniwekea vibanio vya nguo," ikasema. "Mimi kazi yangu ni kutunza joto. Kibanio hakina joto."

"Jana nimekuosha vizuri, nikakukausha. Ndani nimekuwekea soksi."

"Za nani?"

"Za Baba Lusia."

"Kwa hiyo unanirudisha kwa mwenyewe na soksi za mwanawe."

"Chombo kitupu ni nafasi iliyopotea."

"Kwenu ulikozaliwa, jirani akikuletea mboga, bakuli lake linarudi na nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Linarudi na chochote kilichopo: chumvi, ndimu mbili, kipande cha muwa. Mama yangu alishawahi kulirudisha bakuli la watu na kitunguu kimoja, na walishukuru. Chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Gari limejaa," nikasema, nikafunga buti.

Nilipogeuka, uani hapakuwepo tena. Tuko Mikumi, katikati ya mbuga, na hakuna mtu aliyewasha gari. Mbele yetu kuna mizani ya magari. Ofisa wa mizani ni twiga. Amevaa kizibao cha njano kinachong'aa na shingo yake ndiyo geti. Ameilaza barabarani.

"Shusheni hotipoti," akasema.

"Gari zima halipimwi?"

"Gari halina tatizo."

Nikaiweka hotipoti juu ya mizani, mizani ambayo hupima malori. Twiga akatazama kioo. Sifuri.

"Uzito umepungua," akasema.

"Nyie si huwa mnakamata waliozidisha?"

"Waliozidisha ni wengi, tumewazoea. Wewe umepunguza. Hii ilikuja kwenu ikiwa imejaa."

Nikamweleza kwamba ndani mna soksi jozi sita. Akasema soksi hazisomi. Nikatoa soksi, nikaweka mchele. Sifuri. Nikatoa mchele, nikaweka jeki, nayo ikaingia yote bila shida. Sifuri. Jeki ikasema ilishatuambia haijisikii vizuri.

"Mama, tumekwama?" Lusia akauliza kutoka kwenye begi.

"Hatujakwama. Tunahakikiwa."

"Njia naijua," mume wangu akasema.

Twiga akainua kichwa kidogo, macho yake yakafika usawa wa yangu. Kope ndefu sana. "Mama mkwe wako aliposema akipata nafuu atarudi kwake, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilifunga begi."

"Alikuwa anasubiri jibu."

Nikasimama pale barabarani. Nimefanya ugavi miaka kumi na mbili, sijawahi kuulizwa swali kama lile na mtu yeyote, sembuse twiga. Mtu mzima anasema *nitarudi kwangu* ili aambiwe *kaa*. Hata mtoto anajua. Mgeni akisema anaondoka unamshika mkono, unamwambia bado mapema, hata kama mabegi yake yamekaa kwenye njia yako. Mimi nilisikia tarehe tu.

"Sema sasa," twiga akasema. "Semea humo ndani."

Nikainama juu ya hotipoti, najiona mjinga. "Nilidhani nakusaidia," nikasema.

Mizani ikasoma kasoro kilo mbili.

"Unazidi kupunguza," twiga akasema.

"Tiketi nilikukatia ya siti ya mbele."

Kasoro kilo nne. Hotipoti ikaanza kuelea. Nikaikamata kishikio.

Nyuma yetu malori yamepanga foleni mpaka upeo wa macho, na madereva wake wote ni sweta. Hakuna anayepiga honi. Wanasubiri kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Kaa, mama," nikasema ndani ya hotipoti. "Kile chumba ni chako."

Neno likaanguka kwa kishindo kama kiazi. Mvuke ukanipiga usoni. Kilo moja.

"Nilikosea."

Hilo likaanguka zito kuliko la kwanza. Mizani ikalia, twiga akanyanyua shingo mpaka ikapotea juu mawinguni, na kutoka huko nikasikia akisema, "Pita. Funika, visipoe."

Nikafunika. Niliposimama wima, mizani ilikuwa udongo mwekundu na mbele yangu palikuwa uani kwa mama mkwe. Makete. Ukungu umekaa chini, mipichi ni vijiti, majani ya njano yametapakaa kila mahali. Yeye anafagia. Ana sweta la kijani na khanga kiunoni, na mgongo wake umenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefika?"

"Tumefika."

"Wenzako wako wapi?"

"Wako kwenye mabegi."

"Watoe, wasije wakakunjamana," akasema, akaendelea kufagia.

Nikafungua zipu moja, kisha nyingine. Mume wangu na Lusia wakatoka wakijinyoosha, wakaingia jikoni kuota moto kana kwamba ndivyo watu wanavyofika siku zote. Nilibaki nimeishika hotipoti kwa mikono miwili. Mizigo yote niliyowahi kuinua haikuwa na uzito ule.

Mama mkwe akaweka ufagio chini. Akafungua mfuniko, akainamisha sikio. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavimimina vile vitu kwenye sahani yake ya bati, akavipuliza, akala kimoja.

"Bado vya moto," akasema.

"Hotipoti ni nzuri."

"Ni nzuri. Lakini umechelewa kuijaza."

"Nimechelewa, mama."

"Ulinitoa na begi langu kama unapeleka mzigo stoo."

"Ndiyo, mama."

Akala cha pili. Nilisimama. Baridi ilikuwa inapanda kwenye miguu na sikuwa na soksi, zilibaki Mikumi.

"Nilifika hapa nikalifungua lile begi," akasema. "Dawa ziko upande, na kila moja umeandika saa ya kumezwa. Sweta juu, maana ulijua nitashuka kwenye baridi. Nikasema, huyu mtoto ana mikono mizuri, ila mdomo wake umechelewa kuzaliwa." Akajifuta vidole. "Sasa naona umezaliwa."

Nilipumua. Ilikuwa pumzi ya miaka miwili, ndefu mpaka ikasogeza ukungu na nikaona nyumba ya jirani.

Mama mkwe akaisuuza hotipoti, akaikausha kwa ncha ya khanga. Akatazama huku na huku, akainama bila kushika kiuno, akaokota jani moja la mpichi, akaliweka ndani na kufunika.

"Kipupwe hiki sina kingine mkononi. Chombo hakirudi kitupu."

"Mama, ndiyo kwanza nimefika. Mbona unanirudishia chombo? Unanifukuza?"

"Chombo kitangulie nyumbani," akasema. "Wewe kaa."

Nikaamka.

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Mume wangu yuko nje anapasha injini moto. Lusia ameshavaa, amekaa sebuleni na begi lake mgongoni, anasinzia. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja kamili, na katika ndoa yangu hatujawahi kupitisha muda nilioupanga.

Nikatoka na kandambili, nikafungua buti, nikatoa hotipoti.

"Umesahau nini?" mume wangu akauliza.

"Nataka kupika chapati za maji. Mama alikuwa anazipenda alipokuwa hapa."

Akazima injini. Alinitazama kama anayesikia redio ya nchi nyingine. "Sasa hivi? Tutachelewa, Mama Lusia."

"Tutachelewa."

Nikaingia jikoni, nikaweka hotipoti mezani, nikafungua. Soksi zilikuwepo, jozi sita, kama nilivyozipanga. Nikazitoa moja moja. Chini kabisa, kwenye chombo nilichokiosha na kukikausha mwenyewe jana jioni, kulikuwa na jani jembamba la njano lenye umande.

Lusia akaja akichungulia. Baba yake akaja nyuma yake, akalichukua, akaligeuza, akalinusa.

"Hili la mpichi," akasema. "Mtaani kwetu hakuna mpichi. Umelitoa wapi?"

"Nimeletewa," nikasema, nikapima unga.