Mtihani wa Julai

Msimu wa Nyundo za Toledo, timu ya futiboli ya Kimarekani, ulianza kwa vigelegele, ukaoza katikati. Kufika Desemba ilibaki mechi moja dhidi ya Omaha, nayo ilikuwa ya kufa na kupona: mshindi anaingia mtoano, aliyeshindwa anakwenda nyumbani kuonwa na wakwe.

Kazi ya Cordell Hatcher haikuwa kucheza na mpira. Huo aliugusa pale tu ulipomdondokea. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mrushaji wao wa mpira, Lindqvist, kijana mwenye mkono wa dhahabu na miguu ya mbao, na kuwazuia majitu waliokuja kumvunja. Alizuia kwa mabega, kwa mbavu, na zaidi kwa kichwa.

Oktoba kichwa kile kiligongwa vibaya, na jioni yake Cordell akapotea akirudi nyumbani kwake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Tangu hapo kila alipooga alijipa mtihani wake wa siri. Mama: Earline. Mke: Renita. Binti: Opal. Mtaa: Maplehurst. Hakuwa amekosa hata mara moja.

Ulikuwepo pia mtihani wa timu, na huo wote waliuchezea. Kila Julai daktari humsomea mchezaji maneno matano, naye ayarudie. Matokeo huwekwa. Mtu akigongwa kichwa katikati ya msimu, anasomewa tena, alinganishwe na alivyokuwa; akipungua, hachezi. Basi wakongwe hujitia ubwege Julai mapema. Sione Fakatava, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki aliyesimama bega kwa bega na Cordell uwanjani, ndiye aliyewafunda wachezaji wapya.

"Ukijifanya una akili Julai," aliwaambia, "Desemba utaiona mechi ukiwa umekaa na blanketi kama bibi."

Julai ile Cordell alitaja maneno mawili tu, mdomo wazi, macho darini. Sione alicheka mpaka akashika ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nani anaipima akiwa anacheka?

Siku ya Omaha theluji ilikuwa ikipigwa na upepo wa ziwani. Mbele ya Cordell alisimama Rufus Okonski wa Omaha, shingo nene kuliko paja la mtu, damu ya pua imeshamgandia mdomoni.

"Mzee, mkeo anajua uko nje bila skafu?" Okonski aliuliza.

"Nilikuwa navunja watu wewe ukinyonya. Njoo."

Alikuja. Cordell alimpiga kooni, Okonski akampiga tumboni, wakakwaruzana kama mbwa wa jalalani. Mara ya tatu Okonski aliinama na kupanda na helmeti yake hadi chini ya kidevu cha Cordell. Meno yakagongana, ulimi ukapasuka, kisogo kikatua kwenye ardhi iliyoganda. Uwanja mzima ulisikia, ukashangilia.

Cordell aliinuka, akatema damu, akaenda kuinama katikati ya wachezaji wa Omaha, akisubiri maelekezo.

Sione alimvuta kwa jezi. "Huku, kaka, huku! Cheka basi, wanatuona."

Walikuwa wameshaonwa. Cordell akaingizwa kwenye hema dogo kando ya uwanja, akakuta Daktari Sorensen na tochi yake.

"Ulifuata nini kwa Omaha?"

"Nilikwenda kuwatukana mama zao, Daktari." Ulimi ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Daktari akatabasamu. Akamulika macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja, na miguu ile iliyozoea kusukumwa haikutikisika. Kisha akasoma: "Shoka. Siagi. Dirisha. Farasi. Mvua. Rudia."

"Shoka," alisema Cordell.

Akangoja. Hakuna kilichokuja. Hapo akaacha kuigiza. Alifumba macho akatafuta kwa akili yake yote, kama mtu anayepapasa funguo gizani.

"Mvua," alisema mwishoni, jasho likimtoka katika baridi ile.

Sorensen aliangalia matokeo ya zamani, akampiga begani. "Mawili, kama Julai. Hujabadilika hata kidogo. Nenda kacheze."

Cordell alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha: nilidanganya. Lakini nje kocha alikuwa akiita jina lake, na maelfu ya watu wakiliita pia, na mwanamume aliyeitwa hivyo tangu ujana anajuaje kukataa? Akavaa helmeti.

Dakika za mwisho Okonski alikuja tena. Cordell alimnyanyua, akamwangusha chali, akatua juu ya mkono wake kwa uzito wote. Mfupa ulilia. Cordell alifurahi, tena sana. Nyuma yake Lindqvist alirusha, mpira ukadakwa na mwenzao ng'ambo ya mstari wa mwisho, na Toledo ikaingia mtoano.

Bafuni watu waliimba, wakamwagiana bia. Cordell alisimama chini ya maji, kisogo kikiwaka moto.

Earline, alisema moyoni. Renita. Maplehurst.

Palikuwa na mmoja zaidi. Alimwona: pengo la jino, soksi zisizofanana, akimrukia mlangoni. Akarudia tangu mwanzo. Earline. Renita. Shoka. Mvua.

"Kaka, mbona unalia?" Sione alikuwa kando yake, povu kichwani. "Tumeshinda, bwana!"

"Binti yangu," alisema Cordell. "Anaitwa..."

Kicheko kikafutika usoni mwa Sione. "Cordell. Si ni O—"

Hakumaliza. Cordell alimkaba, akambamiza ukutani hadi kigae kikapasuka, akamziba mdomo kwa kiganja. Nyimbo zikakatika. Watu watatu walimrukia wamtoe, hawakuweza.

"Usiniambie," alisema. "Mtihani huu siibii."

Akaendelea kumshikilia hivyo, maji yakiwamwagikia wote wawili, akitafuta.