Kibuyu cha Magadi

Zilibaki siku sita kufika baraza, na Klara alikuwa amekwisha kata shauri: angesimama mbele ya Jumbe Mughwai aseme alidanganya. Hakuwa amedanganya hata chembe. Lakini ulimi wake ulikuwa ukiwaka moto mwezi wa nne sasa, tangu asubuhi mpaka jioni, kana kwamba amemeza uji ungali unachemka, na mtu aliyechoshwa na maumivu husema lolote.

Enzi hiyo ya Mwingereza kesi za mifugo pale Ihanja zilisikilizwa na jumbe. Yohana, mtu mwenye zizi lililojaa, alidai kwamba ng'ombe mwekundu wa Selina, mjane wa watoto watano, ni wake. Kwamba marehemu mume wa Selina alikuwa amewekeshwa tu. Klara akaapa kwamba alikuwapo siku marehemu anampa Yohana magunia manne ya mtama na kumchukua ng'ombe huyo, mwaka wa njaa. Selina akashinda.

Wiki haikuisha, ulimi wa Klara ukaanza kuwaka. Kila aliyemchungulia kinywani hakuona kidonda wala utando. Watu wa Ihanja, ambao kwa kuunganisha mambo hawana mpinzani, wakasema kiapo kimemgeukia. Lisemwalo lipo, wakasema, na pombe yake ya mtama ikakosa wanywaji. Yohana naye akaomba kesi isikilizwe upya, na Jumbe akakubali.

Selina, aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa, hakumsihi Klara asimamie neno lake. Alimwomba tu aende kwanza kwa dresa, mtibabu wa zahanati.

Dresa huyo aliitwa Gasto, mtu wa Iramba, mpole na mbishi kwa pamoja. Alimwamkia Klara shikamoo, akamketisha mlangoni penye mwanga, akamtazama ulimi juu na chini, fizi na mashavu kwa ndani, bila haraka, huku foleni ikinung'unika nje.

"Sioni kitu, mama," alisema.

Klara akaanza kuinuka. Maneno hayo alikwisha yazoea.

"Kaa, mama. Sikusema huumwi. Nimesema mimi sioni."

Klara akalia palepale, maana kwa miezi minne hakuna aliyemwambia hivyo.

Gasto akamwuliza kila kinachoingia kinywani mwake tangu anapoamka. Klara akataja uji, ugali, mlenda, maziwa. Magadi hakuyataja, kwa kuwa kwake hayakuwa chakula wala dawa. Yalitoka tu alipoulizwa anasukutua kwa kitu gani. Desturi ya kwao ilikuwa kwamba aliyeapa husukutua maji ya magadi mara moja, kinywa kitakate. Yeye, tangu moto uanze, alisukutua mara tatu kwa siku, na kila ulipozidi kuwaka naye alizidisha magadi.

Gasto alikiri kwamba kilichouanzisha moto ule hakijui, ila magadi ndiyo yanayouchochea. Akayapiga marufuku, akampa vidonge vya hamira vya kuutibu ulimi, akamwambia awe anapiga mafunda ya maji ya mtungini mara kwa mara. Klara akamwuliza, je, kama ni kiapo kweli? Gasto akamwomba amletee kile kibuyu chake cha magadi, akiache hapo zahanati.

Moto ukapungua. Siku ya tano Klara alikula mlenda akausikia ladha yake, akafurahi kama mtoto. Lakini ncha ya ulimi iliendelea kuwaka, na shaka ikamrudia: kama ni magadi, mbona haujazimika? Akaenda barazani hajui atasema nini.

Yohana alisimama akasema hahitaji shahidi. Kinywa cha Klara kinatosha. Ndipo Gasto akaomba ruhusa ya kusema. Midomo yake ilikuwa imevimba na kila neno alilitoa kwa shida. Jumbe akamwuliza amepatwa na nini. Akajibu kwamba kwa siku sita alisukutua kwa magadi ya kibuyu cha mama Klara, mara tatu kwa siku, kipimo kilekile.

"Ulimi wangu unawaka moto, Jumbe," alisema. "Na mimi sikuapa kitu. Hata ng'ombe mwenyewe simjui."

Watu wakacheka. Yohana akakaa chini.

Klara alimtazama mtu yule, asiyekuwa ndugu yake wala jirani, aliyejichoma kinywa ili yeye aaminiwe, akaona haya kwa shauri alilokuwa amelikata. Jumbe akamwuliza kama moto umezimika. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Klara akasimama.

"Haujazimika, Jumbe. Bado unawaka kidogo, na pengine utawaka mpaka nife. Ng'ombe ni wa Selina."