Namba ya Gari la Wilf

Barua ya tatu ilipofika, Craig hakusubiri jioni kama kawaida yake. Alipiga simu saa nne asubuhi, akiwa kazini, na Norma alijua kabla hajapokea kwamba si salamu tu.

"Mama, wameandika tena."

"Nani?"

"Hao wa maegesho ya supamaketi. Alhamisi ya tarehe tisa. Umeingia saa nne na dakika tano, umetoka saa saba kasoro robo. Ruhusa ni saa moja na nusu. Na picha wameweka, gari linaingia, gari linatoka."

"Lakini ukinywa chai mkahawani unaandika namba ya gari kwenye kile kioo cha kugusa, wanakupa saa tatu. Mimi naandika kila wiki, mwanangu."

"Ndivyo ulivyosema mara ya kwanza. Na ya pili. Nakuja Jumamosi. Tuzungumze kuhusu gari."

Gari lilikuwa dogo, jeupe, na Craig ndiye aliyelinunua. Lilikuwa kwa jina lake, ndiyo maana barua zilikwenda kwake Preston badala ya kuja kwa mama yake huku Colne. Faini ya kwanza aliilipa kimyakimya. Ya pili aliitia kwenye droo akisema atabishana nao. Sasa hii.

Norma alikuwa na miaka sabini na minne na alijua maana ya watoto kuja kuzungumza kuhusu gari. Wana wa jirani yake Edna walikuja mwaka juzi, wakazungumza kwa upole sana, wakala keki, wakaondoka na funguo. Tangu siku hiyo Edna akitaka mkate anasubiri mtu. Isitoshe, mwezi wa kwanza Craig alikuwa hapohapo jikoni siku sufuria ya mayai ilipokauka mpaka mayai yakapasuka na kuruka. Hakusema neno siku ile, na kutosema kwake ndiko kulikomtia Norma wasiwasi.

Usiku ule alijihoji. Je, kweli naandika? Alijiona amesimama pale mkahawani, kidole kinagusa kioo. Alikuwa na hakika. Lakini hata Edna alikuwa na hakika na mambo mengi.

Alhamisi alimweleza Pauline. Walikuwa wakifahamiana tangu enzi za kiwanda cha nguo, ila urafiki wa chai ulianza mwezi wa pili mwaka huu, Pauline alipopona baada ya kuwekewa goti la bandia. Kabla ya hapo Norma alikuwa akinywa chai peke yake, nusu saa, halafu anarudi nyumbani. Siku hizi walikaa mpaka wahudumu waanze kufuta meza za jirani kwa makusudi.

"Basi leo nitakusimamia," Pauline alisema. "Andika kama siku zote. Mimi sipo."

"Upo, nakusikia unahema."

"Ni goti hilo. Andika."

Kioo kilikuwa kando ya trei, mahali pa kupanga foleni. Norma akavua glavu ya mkono wa kulia, akaandika. Herufi, tarakimu tatu, herufi tatu. Kioo kikamshukuru na kumtakia siku njema.

"Umeona?"

Pauline aligeuka akatazama nje dirishani, kwenye safu ya magari, halafu akatazama tena kioo.

"Norma, gari lako si lile jeupe, pale karibu na vikapu?"

"Ndilo."

"Sasa C, nne, moja, saba, K, F, V, ni la nani?"

Norma alifungua mdomo aseme ni langu. Halafu akashika ukingo wa kaunta.

Lilikuwa la Wilf, mumewe. Volvo ya kahawia, aliyoinunua mpya mwaka 1985 na kukataa kuibadilisha miaka thelathini na sita. Walikuwa wakija hapa kila Alhamisi. Wilf alipanga foleni kuchukua chai na skonzi, na Norma aliandika namba, kwa kuwa vidole vya Wilf vilikuwa vimekakamaa na kile kioo hakikumsikia. Wilf alifariki miezi kumi na sita iliyopita. Volvo ilichukuliwa na mtu wa Burnley anayekusanya magari ya zamani. Alikuja na trela, akaifunika kwa turubai taratibu, kama anayemfunika mgonjwa, na Norma alimshukuru kwa hilo. Lakini kidole chake hakikupata habari. Kila Alhamisi kilikuwa bado kinamwombea Wilf nafasi ya kuegesha.

"Kaa," alisema Pauline. "Chai nalipa mimi."

Razia wa kaunta alikuwa amesikia nusu ya mambo. Alileta chai mwenyewe mezani, na baada ya muda akamleta meneja, mwanamke mrefu aitwaye Joanne, mwenye kompyuta ndogo mkononi. Joanne alitafuta, akasogeza, akatafuta tena.

"Huyu wa C 417 ndiye mteja wetu mwaminifu kuliko wote," alisema. "Hajakosa Alhamisi hata moja. Na kamera haijamwona zaidi ya mwaka mzima."

Pauline alicheka mpaka chai ikampalia. Norma naye, alipoona Razia anajizuia, akacheka.

Joanne alisema hizo faini mbili ambazo hazijalipwa atazifuta leo hiihii, maana ni wazi Bi Norma alikuwa mteja. Ile ya kwanza imeshalipwa, pauni sitini zimekwenda, na kwa hiyo hana la kufanya. Kisha akamwandikia namba ya gari jeupe nyuma ya risiti kwa herufi kubwa, akaondoka.

"Umeponea chupuchupu," alisema Pauline. "Sasa nisikilize, shoga. Craig ukimwambia kile kioo kibovu, imekwisha hiyo. Meneja amefuta, hakuna wa kuuliza."

"Si kweli lakini."

"Ukweli wako utausemaje? Kwamba unaliegesha gari la marehemu? Mtoto atakutoa hapo akupeleke kwa daktari ukachore saa, wapime kama akili bado ipo."

Norma alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

Siku mbili alilipindua jambo hilo. Uongo ule ulikuwa mdogo na ulikuwa tayari, ungekaa mdomoni bila shida. Ila angepaswa kuukumbuka kila mara Craig akiuliza, na yeye tayari alikuwa na mtu mmoja wa kumkumbuka. Hakutaka kujiongezea mzigo.

Jumamosi Craig alifika na keki. Norma alipoiona keki, moyo ulimshuka. Craig alikaa bila kuvua koti.

"Faini zimefutwa," Norma alianza, kabla hajapoteza ujasiri. "Mbili. Lakini kosa ni langu. Nilikuwa naandika namba, ila si ya gari langu."

"Ya nani?"

"C 417..."

"KFV," alimaliza Craig.

Wakatazamana. Craig aliweka kisu cha keki chini.

"Unaikumbuka?" Norma aliuliza.

"Mama. Nilipopotea Blackpool, nilikuwa na miaka sita. Yule polisi aliniuliza baba yako anaitwa nani, nikamwambia anaitwa Baba. Akaniuliza mnakaa wapi, nikamwambia C 417 KFV."

"Akakushika mkono, mkazunguka maegesho yote."

"Tukamkuta Baba amelala ndani ya gari na gazeti usoni. Hakujua hata kama nimepotea."

"Alijua. Alikuwa amekutafuta saa nzima, akarudi akisema utakuja penye gari. Aliposikia mnakuja akajifunika gazeti, usimwone alivyokuwa analia." Norma akasita. "Aliniambia nisikwambie."

Craig akavua koti.

Walikula keki. Craig aliuliza wanaongea nini na Pauline kwa saa mbili na dakika arobaini, na Norma akamwambia hayamhusu, mengi ni ya goti. Craig akacheka. Lakini alikuwa mtoto wa baba yake, hakuacha jambo nusu.

"Na yale mayai?"

"Mayai nilisahau. Sikufichi. Nilikuwa naongea na wewe, na siku hizo nilikuwa sipati mtu wa kuongea naye."

"Hmm." Akachezea makombo ya keki kwa kidole. "Basi tufanye hivi. Nipeleke kwa gari mpaka Skipton. Ukinitisha, tunazungumza kuhusu gari. Usiponitisha, funguo ni zako na mimi nanyamaza."

"Na wewe usikanyage breki isiyokuwepo, kama unavyofanya siku zote."

"Nitajitahidi."

Hakujitahidi. Mpaka wanatoka mjini alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na goti lake kwa mwingine. Penye mzunguko wa kwanza alisema, "Kuna lori, Mama," na Norma akasema, "Naliona, ni kubwa." Walipofika Foulridge aliuliza kama amekagua kioo cha pembeni. Norma alisema amekikagua, na kwamba ndani yake kuna mwanamume mzima anayeogopa. Baada ya hapo Craig aliongea habari za kazi yake, za binti yake anayetaka kupaka nywele rangi ya zambarau, za bosi mpya. Sentensi zikaanza kuwa fupi. Jua la mwezi wa tatu lilikuwa limetoka na ndani ya gari kulikuwa na joto la kupendeza.

Walipofika Earby hakuwa na swali tena. Norma alidhani amekasirika, akamtupia jicho mara moja, haraka, kama inavyotakiwa. Craig alikuwa amelala. Mkono ulikuwa umeachia mpini, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo.

Akapunguza sauti ya redio. Skipton ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa mpaka barabarani na vikapu vyao na mbwa wao, naye akapita katikati yao polepole bila kusimama. Kuegesha kungemwamsha. Akashika njia ya Grassington, ambako alikuwa hajaendesha tangu awe mjane, kati ya kuta za mawe na kondoo waliokwisha kuzaa. Mlima ulipoanza akabadilisha gia kwa uangalifu mkubwa, ili gari lisitikisike.